Rangi ya Kijani kwenye Breki za Mkurugenzi

Mliponiaga mlinipa jeki la zamani mlilolipaka rangi ya fedha na kuandika jina langu ubavuni. Halinyanyui kitu tena. Ujumbe nimeuelewa. Limekaa sebuleni karibu na redio, na wageni wakiuliza ni nini, mke wangu huwajibu kwamba ni mimi.

Mliniomba pia niandike machache kuhusu miaka yangu ya gereji. Nimekubali, kwa kuwa mgongo wangu, uliostaafu kabla yangu, hauniruhusu kazi nyingine isipokuwa ya kukaa. Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani aliachwa. Mambo hayo mnayajua, na asiyeyajua atasimuliwa na aliyeachwa. Nitaandika kuhusu breki, kwa sababu juma lililopita nilipita kwa mmoja wenu, sitamtaja, nikamkuta uani kwake ameinua gari na anapaka etriye rangi nyekundu. Aliniambia ndio mtindo wa sasa. Nilimsifu kwa kuwa alikuwa ametoa magurudumu kwanza, nikanywa maji aliyonipa, nikaenda zangu. Njiani nikajiona mvivu. Yapo mambo ambayo ningepaswa kumwambia.

Kwa asiye wa kazi yetu: etriye ni ile taya ya chuma inayokumbatia diski ya breki. Ndani yake mna pistoni. Ukikanyaga pedali, pistoni inasukuma plakete, vile vibao viwili, navyo vinaiuma diski mpaka gari linasimama. Ukiachia, taya inalegea. Kulegea huko ndiko watu husahau. Kila mtu anataka breki inayoshika. Ni wachache wanaofikiria breki inayoachia.

Niliingia gereji ya shirika letu la kusafirisha kahawa nikiwa na shahada ya saikolojia ya chuo kikuu cha hapa Kisangani. Msicheke. Nilikuwa nimeomba kazi ofisini, Makiso, katikati ya mji, katika idara ya wafanyakazi, mahali penye feni na kivuli. Mkuu wa idara alizitazama karatasi zangu, akasema gereji ina matatizo ya watu zaidi ya matatizo ya magari, na mimi nikamwamini. Ulikuwa wakati wa Zaire na Chama kimoja, na mtu hakuulizwa mara mbili anataka kufanya nini. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa abakosi mpya, lile koti lisilo na tai tulilovaa sote miaka ile, na kalamu mbili mfukoni. Moja ilikuwa haiandiki, ila kofia yake iling'aa.

Fundi mkuu wa breki alikuwa Papa Bosenge, mtu wa Opala, mfupi, mwenye vidole vinene vilivyokwisha kushika kila kitu cha moto. Aliongea Lingala na injini, Kiswahili na watu. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Weye ndiye saikolog?"

"Ndiyo, Papa."

"Bon. Vaa ile kombinezo ya kazi. Halafu simama pale ku mlango, ufunge macho."

Nilisimama langoni, macho nimefunga, huku malori yanaingia kutoka barabara ya Buta. Kila lori lilipofunga breki, Papa Bosenge aliuliza ninasikia nini.

"Kelele, Papa."

"Kelele ya furaha ao ya mateso?"

Nilizipitia kichwani kozi zangu zote. "Ya mateso," nilisema.

"Hapana. Breki ya ile lori iko muzuri sana. Ni shofere anaimba."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Ilichukua muda mrefu kabla sijaweza kutofautisha plakete iliyokwisha na dereva mwenye sauti mbaya, na hata sasa kuna madereva wawili watatu ambao wangenikosesha.

Papa Bosenge alikuwa na kibano kimoja cha seremala, chenye skrubu ndefu, ambacho alikitumia kurudisha pistoni ndani ya etriye wakati wa kubadilisha plakete. Hakukiazimisha kwa mtu yeyote. Alikitundika kwenye msumari wake, amekifunika kitambaa, na kila mwisho wa juma alikipaka mawese kama mtu anayempaka mtoto. Alinifundisha kuwa mpira wa breki haupendi petroli. "Ukiuosha na esanse, unavimba kama tumbo ya mulevi," alisema, "na ukisha vimba, haurudi." Uoshwe kwa mafuta ya breki yenyewe. Kama hakuna, na mara nyingi hakukuwa, maji na sabuni, kisha jua.

Kazi yangu ya miezi ya kwanza ilikuwa kukanyaga pedali. Wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba ya breki, mmoja hukaa ndani ya gari na mwingine hulala chini na ufunguo wa skrubu. Papa Bosenge alikuwa chini, mimi juu. "Finya!" alipaza sauti, nami nikakanyaga. "Kamata!" nikashikilia, naye akafungua skrubu, hewa ikatoka. "Acha!" Halafu tena. Mguu wangu wa kulia mpaka leo ni mnene kuliko wa kushoto. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani elimu itanikuza upande wa kichwa.

Kuhusu rangi, Papa Bosenge hakuwa na uadui nayo. Mvua ya Kisangani na udongo wetu mwekundu huila etriye mapema, na chuma kilichopakwa vizuri huishi zaidi. Lakini alikuwa na utaratibu wake, nao hakuuvunja hata kwa gari la mkubwa. Toa gurudumu. Toa etriye yenyewe mahali pake, itundike kwa waya, isining'inie kwenye bomba lake. Toa plakete, weka mbali. Sugua kutu kwa burashi ya waya, osha, anika juani. Funika mipira kwa gazeti na utepe. Ndipo upake, tena kidogo, kwa rangi ya kuvumilia moto, ile ya mabomba ya moshi. Zile pini zinazoifanya taya iteleze, na zile njia ambamo plakete inatembea, hapo usiguse kabisa. "Fasi chuma inatembea," alisema, na fasi kwake ni mahali, "rangi haina kazi."

Sasa nifike kwa Amisi, ambaye sote tulimwita Tonton, mjomba.

Tonton Amisi alikuwa dereva wa Mkurugenzi wetu, mtu wa Maniema, mrefu, msafi kupita kiasi. Gari lenyewe lilikuwa la Kifaransa, jeupe, la milango minne, na lililala nyumbani kwa Amisi, mtaa wa Kabondo, kwenye nyumba ya shirika aliyopewa kwa sababu ya kazi hiyo. Aliliosha asubuhi kabla ya swala au baada ya swala, na siku nyingine kabla na baada. Watu walisema mkewe, Mama Zaina, anawaogesha watoto na yeye analiogesha gari, na kwamba gari halilii sabuni ikiingia machoni. Mama Zaina mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hivyo.

Gari hilo lilikuwa na aibu moja. Kofia za magurudumu yake zilikuwa zimepotea mashimoni moja baada ya nyingine, na kupitia matundu ya gurudumu ungeweza kuona etriye za mbele, zimeshika kutu, rangi ya chai iliyolala. Ungeziona kama ungechuchumaa na kutazama. Hakuna aliyekuwa akichuchumaa isipokuwa Tonton Amisi.

Sherehe ya Chama ilikuwa inakaribia. Mnaokumbuka mnajua: mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa, miti ilipakwa chokaa mpaka kimo cha mtu, na kila shirika lilipewa kitu cha kupaka. Gereji yetu ilipewa jukwaa la wakubwa. Tulilipaka kijani, rangi ya Chama na ya bendera, mbao zote, ngazi, mpaka chini ya viti ambako hakuna mkubwa atakayeangalia. Rangi ilibaki kidogo. Ilikuwa desturi ya gereji yetu kwamba mwisho wa kopo ni wa madereva, na kwa hiyo kila baada ya sherehe ungeona milango ya kijani Kabondo na Mangobo, vigoda vya kijani, na banda moja la kuku. Safari hii kopo lilimwangukia Tonton Amisi.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya mikono tuliyoifanyia taifa kila juma, alilipeleka gari nyumbani, akaliinua uani, akatoa magurudumu ya mbele. Hapo nampa haki yake. Alisugua kutu, alifuta vumbi. Kisha akazipaka etriye zikiwa hapohapo mahali pake, plakete ndani, pini ndani, kila kitu ndani, kwa rangi nene ya mbao, akangoja ikauke, akarudia, na akarudia tena, kwa kuwa kila alipotazama aliona pengo dogo na kulijaza. Majirani walikuja kuangalia. Mama Zaina alisema kwamba tangu waoane hakuwahi kumwona anatazama kitu kwa mapenzi namna ile, na kwamba kama angejua angejipaka kijani.

Jumapili kulikuwa na mazoezi ya gwaride. Mkurugenzi alikuwa bado Kinshasa, lakini gari lake lilitakiwa lipite mbele ya jukwaa mahali litakapopita siku yenyewe, taratibu, wafanyakazi tukitembea nyuma tunaimba. Nilikuwa mstari wa mbele kwa sababu ya shahada yangu. Papa Bosenge alikuwa pembeni yangu, anaimba bila kufungua mdomo.

Tukiwa hatujafika jukwaani nilimwona amegeuza pua. Halafu na mimi nikanusa: rangi inayoungua. Moshi mwembamba ukaanza kutoka kwenye magurudumu ya mbele. Tonton Amisi alikuwa anakanyaga breki kidogo kidogo ili aende na mwendo wetu, na kila alipokanyaga, taya ilishika, na kila alipoachia, haikuachia. Rangi ilikuwa imegandisha kila kilichopaswa kuteleza. Gari lilifika sawasawa katikati ya jukwaa, likaguna, likasimama. Alikanyaga mafuta, injini ilinguruma, bodi ikatetemeka, magurudumu hayakwenda popote. Waliokuwa nyuma walipiga makofi, wakidhani ni heshima iliyopangwa.

Aliyekuja mbio kutoka jukwaani ni Delege. Alikuwa kijana wa stoo, mjumbe wa vijana wa Chama katika shirika letu. Jina alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia. Cheo, delege, yaani mjumbe kwa Kifaransa, kilikuwa kimelimeza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mazuri ya kuona kasoro, na kazi ambayo haikumruhusu kuyafumba. Alichuchumaa, akatazama kupitia matundu ya gurudumu, akakaa hapo muda.

"Nani alipaka hii rangi?"

"Ni miye," alisema Tonton Amisi, bado amefurahi kidogo, kwa kuwa hatimaye mtu mwingine alikuwa ameziona.

"Hii iko rangi ya Chama."

"Ndiyo, Sitwayen Delege. Ile ya jukwaa. Ilibakia kidogo." Sitwayen, raia, ndivyo Chama kilivyotutaka tuitane.

"Na umeiweka fasi ya matope."

"Ilikuwa fasi ya kutu. Nilitaka iwe muzuri."

"Na sasa rangi ya Chama imefunga gari ya Direkteri. Mbele ya jukwaa. Mbele ya watu." Delege alisimama. "Unajua kitu kama hii inaitwa namna gani?"

"Inaitwa pane," alisema Tonton Amisi. Gari likiharibika, hapa kwetu hilo ndilo jina lake.

"Inaitwa sabotaje."

Neno hilo, ambalo kwa Kiswahili ni hujuma, lilifanya watu wa mistari ya nyuma waache kuimba. Nyinyi mliokuja baadaye mnaweza kulisikia kama neno la kawaida. Miaka ile mtu aliyepelekwa kwenye kamati ya Chama kwa neno hilo alirudi amekuwa mpole sana, na mwingine hakurudi kazini kabisa. Tonton Amisi angepoteza kazi, na pamoja na kazi nyumba, na pamoja na nyumba shule ya watoto iliyokuwa mtaa wa pili. Furaha ilimtoka usoni. Aliweka mkono juu ya boneti kama mtu anayemshika ng'ombe asiondoke.

Hapo nikaona wakati wa shahada yangu umefika. Nilimvuta Delege pembeni, nikamweleza tofauti ya kitendo na nia. Nilisema kosa bila nia si hujuma. Nikaona ananisikiliza, na mtu aliyesoma akisikilizwa hajui kunyamaza. Nikaongeza kwamba wataalamu wanatofautisha nia iliyo wazi na nia iliyojificha, ambayo hata mtu mwenyewe haijui.

"Donc Amisi ana nia iliyojificha," alihitimisha Delege.

"Hapana, nilikuwa nasema kwa jumla..."

"Umesema mutu mwenyewe haijui. Donc hata akikataa, haiko ushahidi."

Papa Bosenge alinigusa kiwiko. "Mwana," alisema kwa upole, "rudi pale ku mlango, ufunge macho."

Kisha yeye mwenyewe akamkabili Delege. Alisema Kabondo yote ina milango ya kijani, je, Kabondo yote ni wahaini? Delege alijibu kwamba mlango haupiti kwenye matope na haufungi gari la mtu. Nilipoangalia uso wake niliona jambo ambalo sikuliona mwanzo: na yeye alikuwa anaogopa. Watu wote walikuwa wameona. Akinyamaza, juma lijalo mtu angeuliza ni nani alikuwa karibu, aliona nini, na kwa nini alinyamaza.

"Kesho asubuhi nitapeleka hii mambo ku kamati," alisema. "Leo, ile rangi itoke. Yote. Mbele yangu."

Alitaka tumwage maji kwenye magurudumu ili tuondoke haraka. Papa Bosenge alikataa: maji ya baridi juu ya diski ya moto, diski inapinda, na hapo tungekuwa na hujuma ya pili. Tukangoja chuma kipoe chenyewe. Kilipopoa, taya ililegea kidogo, gari likakubali kusukumwa. Gereji ilikuwa imefungwa Jumapili, kwa hiyo tulilisukuma mpaka Kabondo nyumbani kwa Tonton Amisi. Tulisukuma tukiimba, kwa kuwa Delege alisema mazoezi bado hayajaisha. Wanawake walitoka milangoni na wengine wakaitikia.

Mama Zaina alikuwa anasonga bugali. Aliona gari linaingia linasukumwa, aliona uso wa mumewe, akaondoa sufuria motoni. Tulimweleza kwa maneno machache. Hakulia wala hakumgombeza. Aliuliza tu kama Papa Delege amekula.

Papa Bosenge aliinua gari, akatoa magurudumu, akafungua etriye, akachomoa pini na plakete zilizokuwa zimegandana na rangi kama pipi kwenye karatasi yake. Kukwangua aliachiwa Tonton Amisi. Delege alitaka iwe mkono uleule. Alikwangua kwa kipande cha msumeno, polepole, na ilionekana kwamba sehemu ya moyo wake ilikuwa bado inaona ni kazi nzuri inayoharibiwa. Vipande vya kijani vikaanza kudondoka chini.

"Hapana!" alisema Delege. "Isianguke chini. Watu wataikanyaga."

Tukatazama chini. Kuku alikuwa tayari amefika.

Mama Zaina aliingia ndani akatoka na bakuli lake la enameli, jeupe lenye maua, lile la wageni. Alilishika chini ya etriye mumewe akikwangua, na vipande vikawa vinalia ndani yake, ti, ti, ti. Kazi ilichukua alasiri nzima. Papa Bosenge alisugua pini, akaziosha, akazipaka mafuta, akarudisha plakete. Mimi nilikanyaga pedali nilipoambiwa. Delege alikaa kwenye kiti alichopewa, akala bugali na sombe, kisamvu chetu, kwa heshima, akakagua kila etriye kwa kucha yake mpaka hakukuwa na kijani hata kwenye pembe. Kisha akasimama, akanyoosha abakosi yake, akasema tutaonana asubuhi mbele ya kamati.

Mama Zaina alikuwa bado ameshika bakuli.

"Papa Delege," alisema, "na hii, niitupe wapi? Nikamwage ku choo?"

Delege alifungua mdomo. Nililiona swali linaingia ndani yake na kuanza kutembea.

"Ku choo?" alisema. "Rangi ya Chama, ku choo?"

"Donc ku shimo ya takataka?"

"Hapana, Mama!"

"Tuizike," alisema Tonton Amisi. "Pale nyuma ya nyumba. Tuizike muzuri, na heshima."

"Kuzika?" Sauti ya Delege ilipanda. "Unataka kuzika rangi ya Chama?"

"Basi tuichome," alisema Papa Bosenge akiwa chini ya gari.

"Nani alisema kuchoma? Hakuna mutu alisema kuchoma!" Aligeuka kutazama uzio, upande wa majirani.

"Kuna mto," alisema Mama Zaina. "Tunaimwaga pale, inaenda."

"Inaenda wapi?"

Sote tulifikiria mto unakoenda. Unashuka polepole, unapita kila mji wenye ofisi, na mwisho unafika Kinshasa, alikokaa Mwenyekiti wa Chama mwenyewe. Delege alijifuta jasho.

"Ibakie hapa," alisema. "Muiweke fasi muzuri."

"Hapa?" Mama Zaina alirudi nyuma hatua moja. "Ku nyumba ya mutu wa sabotaje? Kesho watakuja watasema tumeiiba. Hapana, Papa. Hii haiko yetu. Iko ya Chama, na Chama hapa ni weye."

Alimpa bakuli kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo, kama mwanamke wa Maniema anavyompa mgeni chakula. Mtu akipewa kitu namna hiyo, mikono yake hupokea kabla kichwa hakijaamua. Delege alipokea.

Papa Bosenge alitoka chini ya gari, akajifuta vidole kimoja kimoja. "Vizuri sana," alisema. "Kesho mbele ya kamati wataomba kuiona. Wataanza na weye, kwa sababu ndiye uko nayo. Watauliza ilitoka ku jukwaa namna gani. Na jukwaa, kopo zake zilitoka ku stoo."

Stoo ilikuwa idara ya Delege.

Nilisomea saikolojia kwa miaka mingi na kwa gharama ya wazazi wangu, na mpaka leo siwezi kuwaambia kama Mama Zaina alikuwa anauliza kwa dhati. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetaka uani pake pawe safi. Delege alimtazama, akatutazama sisi, mmoja mmoja, akitafuta anayecheka. Hakuna aliyecheka; mimi nilikuwa naangalia mguu wangu wa kulia. Akatoa kitambaa mfukoni, akafunika bakuli, akaondoka kwa miguu kuelekea Makiso, akilibeba mbele yake kama anayempelekea mgonjwa mchuzi. Watu aliokutana nao njiani walimsalimia na kumpa pole.

Jumatatu hakuna aliyeitwa. Delege alikuwa stoo kama kawaida, anahesabu tairi, akatusalimia kabla hatujamsalimia. Tonton Amisi alingoja siku hiyo yote akiwa amekaa ndani ya gari, hajaliosha, jambo ambalo lilitutia hofu zaidi ya kamati. Siku ya sherehe gari lilipita mbele ya jukwaa likiwa na etriye za chuma kitupu, likafunga breki, likaachia, likaenda. Mkurugenzi alikaa kiti cha nyuma akipunga mkono. Sidhani kama katika maisha yake aliwahi kujua kwamba gari lake lina etriye.

Baada ya sherehe, siku moja jioni jua likiwa bado juu, nilikuwa uani kwa Tonton Amisi pamoja na Papa Bosenge, tunasikiliza mlio fulani wa gurudumu la nyuma. Delege aliingia langoni. Alikuwa amelibeba bakuli, tupu, limesuguliwa mpaka maua yake yamepauka. Mama Zaina alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani.

"Merci, Papa Delege," alisema. "Ukae."

Alimletea kiti na chai. Delege alikaa karibu na ukuta, akapuliza chai yake, akanywa kidogo. Tukamngoja aseme rangi ilikwenda wapi, naye akatungoja tumuulize. Mwisho Tonton Amisi akasema mvua mwaka huu imechelewa, na Delege akasema ni kweli, imechelewa sana, na sote tukaongea kuhusu mvua mpaka chai ikaisha.